Sultani wa majina mawili: nilivyomsimulia Yusuf bin Hasan huku Nyanchwa

Naandika kutoka Nyanchwa, kilimani kwenye mji wa Kisii. Wengi wenu mwajua kwamba nilizaliwa Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, na kwamba ualimu ndio ulionipandisha huku bara, mwaka wa kumi na moja sasa. Huku hakuna upepo wa bahari. Kuna migomba, kuna chai, na kuna mvua ya alasiri isiyosahau saa yake. Jumamosi mtaa hutulia, kwa sababu majirani zangu wengi ni Waadventista na kanisa lao lina mizizi hapa ya zaidi ya miaka mia moja. Mimi Ijumaa hushuka mjini msikitini. Wao wakija kwangu Idi, mimi huenda kwao wakiwa na harusi au msiba. Twaishi vizuri.

Nayasema haya mapema kwa sababu hadithi ya leo ina damu ndani yake, na damu hiyo ilimwagwa kwa jina la dini. Nami nilitakiwa kuisimulia mezani kwangu, mbele ya watoto wa Kikristo, nikiwa mtu mzima wa pekee chumbani na Mswahili wa Mombasa juu ya hayo.

Ilikuwa hivi. Jioni watoto wa jirani huja kusoma pamoja na binti yangu. Siku hiyo walikuwa kwenye somo la Wareno katika pwani ya Afrika Mashariki. Kijana wa mama jirani alifika kwenye mstari mmoja wa kitabu, usemao kwamba mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hasan aliwaasi Wareno pale Mombasa. Akaniuliza, Mwalimu, huyu alikuwa nani, na je, sisi watu wa pwani twamhesabu kuwa shujaa? Binti yangu aliinua macho akanitazama. Alizaliwa Mombasa lakini amekulia huku, na Kigusii chake ni kizuri kuliko Kimvita chake. Nikaona kwamba jibu lilikuwa likingojwa na wawili, si mmoja. Nikawaambia warudi kesho.

Usiku ule nilijiuliza nitaanzia wapi. Nikaona kwamba ukianza na upanga wa mwaka 1631 umeanza mwishoni. Hadithi ya Yusuf huanza zaidi ya miaka 100 kabla ya yeye kuzaliwa, nayo huanza na biashara.

Mwezi wa Aprili mwaka 1498 Vasco da Gama aliletwa na merikebu zake hadi Mombasa. Mji ulikuwa tajiri na wenye kuzoea wageni wa baharini, lakini wenyeji na wageni hawa walishukiana, na Wareno wakang'oa nanga kwenda Malindi. Malindi ilikuwa ndogo kuliko Mombasa na ilikuwa na ugomvi wa muda mrefu nayo. Sultani wa Malindi aliwapokea Wareno kwa zawadi na vyakula, akawapa mtu wa kuwaongoza baharini hadi Hindi, na mwezi wa Mei wakafika Calicut. Nguzo waliyoiacha Wareno Malindi ipo hadi leo, mwambani, na watalii hupiga picha pale.

Wengine humwita sultani yule msaliti. Mimi siwezi kusema hivyo kwa urahisi. Yeye hakuona Afrika ikiuzwa. Aliona mji wake, aliona jirani mkubwa mwenye kiburi, na aliona wageni wenye mizinga. Miji yetu ya pwani ilikuwa kila mmoja na sultani wake, bandari yake na hasira zake: Kilwa, Zanzibar, Mombasa, Malindi, Lamu, Pate. Walioana, walifanya biashara, walipigana. Mtu wa Malindi alipomsaidia Mreno hakujiona akimsaidia adui wa Waswahili. Alijiona akimkomoa Mombasa.

Na Mombasa ilikomolewa kweli. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliipiga Kilwa, kisha akaichoma Mombasa. Mwishoni mwa mwaka 1528 Nuno da Cunha aliipiga tena. Mwaka 1589 Wareno wakaja mara nyingine kuwafukuza Waturuki wa Mir Ali Bey waliokuwa wameingia, na wakati huohuo Wazimba wakauvamia mji kutoka bara. Mji ulibaki hauna nguvu. Muda mfupi baadaye ukoo wa masultani wa Malindi ukahamia Mombasa na kukalia kiti cha jirani yake wa jadi. Mwezi wa Aprili mwaka 1593 Wareno wakaanza kujenga ngome yao juu ya mwamba, kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, Mtaliano. Ndiyo Fort Jesus tunayoijua sote, tuliyocheza kivulini mwake tukiwa watoto.

Sasa lisikilizeni agano lenyewe. Sultani Ahmad wa Malindi alipowekwa Mombasa, aliahidiwa theluthi ya ushuru wa forodha ya bandari. Sehemu mbili za taji la Ureno, sehemu moja yake. Kwa karatasi, agano hilo halikuwa baya. Mombasa ndiyo iliyokuwa mlango. Vyombo kutoka Gujarati vilileta nguo za pamba na shanga, na vilirudi na pembe za ndovu, ambari, nta na vitu vingine. Pemba ilitoa mchele. Mijikenda, ambao Wareno waliwaita Wamusungulo, walileta pembe kutoka bara na kuchukua nguo. Kila kilichoingia na kutoka kilipita forodhani.

Lakini anayeshika daftari la forodha ni nani? Alikuwa ni kapteni wa ngome. Makapteni walipewa cheo kwa muda wa miaka michache, wakaja na nia ya kurudi kwao matajiri. Kapteni alikuwa hakimu, alikuwa askari, na alikuwa mfanyabiashara mwenyewe. Alitaka pembe zipite kwake kwanza, kwa bei yake. Vyombo vya wenyeji vilitakiwa kubeba hati ya ruhusa ya Wareno, na kisichokuwa nayo kingeweza kukamatwa baharini pamoja na shehena yake. Bahari ambayo babu zetu waliivuka kwa kutazama nyota na kungoja kaskazi na kusi, sasa ilikuwa na mlango na bawabu. Theluthi ya sultani ikawa jambo la kuombwa badala ya kuwa haki ya kuchukuliwa.

Nilipofika hapa kijana wa jirani alicheka kidogo. Nikamwuliza anacheka nini. Akasema baba yake mdogo huchonga mawe ya Tabaka, yale mawe laini ya Kisii, na kila mara hulalamika kwamba sanamu anayoiuza kwa pesa kidogo huku, huuzwa kwa mara nyingi zaidi kule Mombasa kwa watalii. Sikuwa nimelifikiria hilo. Kisha nikakumbuka mahali pa mwanzo kabisa nilipoona mawe ya Kisii maishani mwangu: palikuwa langoni pa Fort Jesus, kwenye meza za wachuuzi. Nikamwambia ameshaelewa nusu ya hadithi. Mwenye kukaa mlangoni ndiye apangaye bei.

Sultani Ahmad alikufa, akarithiwa na mwanawe Hasan. Huyu ndiye baba yake Yusuf. Hasan hakuwa mtu wa kunyamaza. Aligombana na kapteni Manuel de Melo Pereira juu ya haki zake, na ugomvi ukafika mahali ambapo sultani aliona maisha yake yamo hatarini ndani ya mji wake. Mwaka 1614 akavuka kwenda bara kwa Mijikenda akitafuta hifadhi. Wareno wakatoa nguo kwa watu wa huko, na Hasan akauawa na mikono aliyoikimbilia. Kichwa chake kilikatwa, kikapelekwa Goa, makao makuu ya Wareno kule Hindi.

Nilisita kuwaambia watoto habari ya kichwa. Nikaona nikiificha, basi yote yatakayofuata hayataeleweka. Mfalme aliyekuwa rafiki wa Wareno, mjukuu wa urafiki wa Malindi wa tangu 1498, aliuzwa kwa vitambaa, na kichwa chake kikasafirishwa kama bidhaa juu ya bahari ileile ya biashara.

Aliacha mtoto wa kiume wa umri wa miaka saba hivi. Huyo ndiye Yusuf. Naye alipelekwa Goa. Kichwa cha baba na mtoto mzima vyote viliishia mji mmoja.

Goa, mtoto alilelewa na mapadri wa shirika la Mtakatifu Augustino. Walimfundisha kusoma na kuandika Kireno, wakambatiza, wakampa jina la Dom Jerónimo Chingulia. Alipokua alipanda merikebu za kivita za Kireno na akajifunza kazi ya mizinga, na aliijua vizuri. Alioa mke Mkristo. Kwa macho ya Wareno wa Goa, kazi ilikuwa imekamilika: wamemchukua mwana wa mwasi na kumfanya kijana mwaminifu wa kanisa na wa mfalme wa Ureno. Mnamo mwaka 1626 akatambuliwa kuwa mfalme wa Mombasa, na barua ya utiifu kwa jina lake ikaenda Roma kwa Papa Urbano wa Nane.

Hapo binti yangu aliuliza swali ambalo kitabu chake hakina. Aliuliza, baba, aliporudi Mombasa, alizungumza na watu wake kwa lugha gani?

Sikumjibu mara moja. Nilijua haulizi habari za Dom Jerónimo peke yake. Yeye mwenyewe tukienda Mombasa likizo, shangazi zake humcheka kwa matamshi, na watoto wa Kibokoni humwita mtu wa bara. Akirudi Nyanchwa ni mtoto wa Waswahili. Nikamwambia kwamba kijana aliyeondoka na miaka saba angerudi na lugha ya mtoto wa miaka saba. Angejua kuomba maji na kumwita mama yake. Lugha ya kuwa mfalme angekuwa ameipatia Goa.

Basi huyu ndiye aliyerudi kukalia kiti cha baba yake. Fikirieni hali yake. Wenyeji walimwona Mreno mweusi, mtu aliyeiacha dini ya wazee wake. Wareno walimwona Mwafrika aliyevaa kofia yao. Aliitwa mfalme, lakini nguvu ilikuwa ngomeni. Alikuwa na haki ya sehemu ya ushuru, lakini ushuru ulikuwa mkononi mwa kapteni. Kapteni Pedro Leitão de Gamboa hakumtendea kama mfalme. Manung'uniko yaliyomwua baba yalikuwa palepale yakimngoja mwana: forodha, Pemba, heshima. Waswahili tuna msemo kwamba mkono usioweza kuukata ubusu. Dom Jerónimo aliubusu kwa miaka.

Kisha likatokea jambo la kaburi. Habari zilimfikia kapteni kwamba mfalme huenda kwa siri kwenye kaburi la baba yake, na kwamba huko humsomea dua kwa njia ya Kiislamu. Mtu alikuwa amewekwa kumchunguza. Kwa Wareno wa siku zile jambo hilo halikuwa la faragha: Mkristo aliyerudi kwenye Uislamu alikuwa na kesi mbele ya mahakama ya dini kule Goa. Kapteni akaazimia kumkamata na kumpeleka huko.

Mara ya tatu kwa ukoo mmoja, Goa tena. Nadhani hapo ndipo mtu yule alipokatika. Mwana hakukubali kusafiri safari ya kichwa cha baba yake.

Tarehe 16 Agosti mwaka 1631, wakati wa siku za sikukuu ya Bikira Maria, aliingia ngomeni na watu wake. Walinzi hawakumzuia, kwani alikuwa mfalme na rafiki wa ngome. Akamwua kapteni kwa mkono wake mwenyewe. Watu wake wakaichukua ngome, na mji ukawaka moto. Akalitupa jina la Dom Jerónimo, akatangaza kwamba yeye ni Mwislamu na jina lake ni Yusuf bin Hasan.

Katika vitabu vingi vya shule hadithi huishia hapo, na watoto hupiga makofi. Nami mwenyewe nilipokuwa kijana Mombasa niliisikia hivyo barazani, kwa fahari, na sikuwahi kuuliza kilichofuata. Lakini mezani kwangu walikuwa wamekaa watoto watatu waliotoka kanisani Jumamosi iliyopita, na nikaona kwamba nikinyamaza hapa nitakuwa nimewadanganya, tena nitakuwa nimemdanganya binti yangu.

Kilichofuata ni hiki. Wareno wa mjini, wale waliokaa Ndia Kuu na kando yake, walikimbilia nyumba ya mapadri. Siku chache baadaye walitolewa wakauawa. Walipewa nafasi ya kusilimu, na walio wengi hawakukubali. Waliouawa wanakadiriwa kuwa karibu 150, na wengi miongoni mwao hawakuwa askari bali wanawake na watoto. Waafrika waliokuwa wamebatizwa nao hawakusalimika: baadhi waliuawa pamoja na Wareno, wengine wakauzwa utumwani Arabuni. Watu hao hawakuwa na ngome wala forodha. Kosa lao lilikuwa jina jipya walilopewa, kama yeye mwenyewe alivyopewa lake.

Nilipomaliza kusema hivyo palikuwa kimya. Kijana wa jirani aliuliza kama watoto wale walijua kwa nini wanauawa. Nikamwambia hapana, kama yule wa miaka saba alivyokuwa hajui kwa nini anapelekwa Goa. Sikusema hivyo ili kumpa Yusuf udhuru. Dini yangu mwenyewe inakataza kuua mwanamke na mtoto vitani, na inasema hapana kulazimishana katika dini. Aliyefanya vile akiwa amejitangaza Mwislamu alivunja sheria ya kitu alichokuwa akikirudia.

Habari zilifika Goa, na mwanzoni mwa mwaka 1632 likaja kundi la merikebu chini ya Francisco de Moura. Yusuf alikuwa na ngome imara, na alikuwa amefundishwa mizinga na Wareno wenyewe. Walimzingira kwa muda, wakashindwa, na mwezi wa Machi wakaondoka. Mwafrika wa miaka ishirini na kitu alikuwa amewashinda Wareno kwa elimu yao wenyewe. Fahari ya hapo naikubali, sina haja ya kuificha.

Lakini alijua watarudi. Ngome peke yake haiwezi kushinda dola, na miji mingine ya pwani haikumletea jeshi la kumtosha. Ule ubaguzi wetu wa zamani, kila mji na hasira zake, uliompa Vasco da Gama rafiki, ndio uliomnyima Yusuf marafiki. Mwezi wa Mei mwaka 1632 aliibomoa ngome kiasi alichoweza, akapakia mizinga katika merikebu alizoziteka, akatoka bandarini na watu wake. Mwezi wa Agosti Wareno waliingia Mombasa bila kupigana.

Maisha yake yaliyobaki yalikuwa baharini. Alikwenda Arabuni, alionekana upande wa Bukini na visiwa vya Ngazija, na huko kote aliwasumbua Wareno kwa merikebu zao wenyewe. Alikufa karibu mwaka 1638 katika pwani ya Bahari ya Sham. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu. Hakurudi tena Mombasa, na kiti cha Mombasa hakikurudi tena kwa ukoo wa Malindi. Urafiki ulioanza kwa zawadi mwaka 1498 uliishia kwa mfalme asiye na nchi, akizunguka bahari na mizinga ya kuiba.

Na deni lake lililipwa na wengine. Mwaka 1635 alikuja kapteni mpya, Francisco de Seixas de Cabreira, kijana wa miaka 27. Aliijenga upya ngome, na juu ya lango akaweka jiwe lenye maandishi ya sifa zake, ambalo lipo mpaka leo. Jiwe hilo linaeleza jinsi alivyoiadhibu pwani: Pate na Siyu kuta zao zilibomolewa, Pemba viongozi wake waliuawa, Mijikenda wakapigwa. Ushuru ukawekwa juu ya kila mmoja. Wareno wakabaki hadi Desemba 1698, Waomani walipoichukua ngome baada ya kuizingira karibu miaka mitatu.

Hapo nikafunga hadithi. Kijana wa jirani akanikumbusha kwamba sijajibu swali. Shujaa au si shujaa?

Nilimjibu kwa kumtuma jikoni. Nikamwambia alete kilichokuwa kwenye sufuria na kile kilichokuwa mezani. Alileta mahindi ya kuchemsha na nanasi lililokatwa, vyote vimenunuliwa soko la Daraja Mbili siku ileile. Nikawaambia kwamba mahindi na nanasi asili yake ni Amerika, na kwamba yalifika pande zetu kufuatia biashara hiyohiyo ya merikebu za Wareno. Mama jirani hawezi kupika obokima bila unga, na siku hizi unga wenyewe mara nyingi ni wa mahindi. Leso aliyojifunga ina jina la Kireno. Meza tuliyokalia, jina lake la Kireno. Bendera ya shuleni, jina lake la Kireno. Na neno gereza, wataalamu wa lugha hulitoa kwenye neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Ngome yenyewe Waingereza waliifanya gereza hadi mwaka 1958. Maneno hayo matatu, ngome na kanisa na gereza, ndiyo maisha yote ya Yusuf.

Basi nikamwambia: mtu aliyeonewa, aliyeibiwa baba, jina na haki, akasimama na kukataa, mimi namheshimu kwa kusimama kwake. Mtu aliyeua watoto simheshimu kwa kuua kwake. Ni mtu mmoja. Anayekwambia uchague nusu moja na uitupe nyingine anataka kukutumia.

Ndugu zangu wa pwani, haya nawaandikia nyinyi kwa sababu mbili. Ya kwanza ni hii. Sisi twapenda kumtaja Yusuf tukigombania bandari, ardhi na ajira, na madai yetu mengi ni ya haki. Lakini funzo lake kubwa zaidi limo katika theluthi ile, si katika upanga. Babu zetu walikubali sehemu ya ushuru bila kushika daftari. Waliacha hesabu mikononi mwa mtu ambaye faida yake ilikuwa ni wao kutojua hesabu. Kisha walipodai, walidai mmoja mmoja, Malindi mbali, Pate mbali, Mombasa mbali. Leo tukiambiwa tutapata sehemu ya mradi wowote, wa bandari au wa bahari, swali la kwanza lisiwe sehemu ni ngapi. Liwe ni nani anayehesabu, na sisi tutaliona lini daftari. Mchongaji wa Tabaka anahitaji swali hilohilo. Mtu wa bara na mtu wa pwani wana mlango mmoja uliowabana.

Ya pili ni watoto. Tusiwape watoto wetu historia iliyokatwa katikati. Wataishi na wenzao wa dini nyingine, mashuleni, makazini, katika ndoa za ndugu zao. Siku mtoto wa jirani atakaposoma nusu iliyofichwa, atadhani tuliificha kwa sababu tunaipenda. Bora aisikie kwetu, mezani kwetu, na chakula kipo.

Jioni ile watoto waliporudi kwao nilihofu kidogo mama jirani atasemaje. Kesho yake alinisimamisha njiani. Mwanawe alikuwa amemweleza yote, pamoja na habari ya watoto waliouawa. Akanishukuru kwamba sikumficha, kisha akaniuliza nauli ya kwenda Mombasa ni kiasi gani, kwani kijana hamwachii amani, ataka kuiona ngome. Inshallah likizo ya Desemba nitamchukua pamoja na binti yangu.

Nitawasimamisha chini ya lango niwaonyeshe jiwe la Seixas. Linamtaja mfalme aliyeasi kuwa dhalimu, lakini halimwiti kwa jina. Mtu aliyepewa majina mawili na mabwana wawili hakubakiziwa hata moja juu ya mlango wa nyumba aliyoishinda. Nitamwomba binti yangu alitamke jina lake kwa sauti, kwa Kimvita chake hichohicho kibovu, kisha tusome Fatiha, na kijana wa jirani awaombee waliouawa kwa njia ya kwao.